Hoteli ya Nyota Moja

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema kama mtu mwingine anavyosema ana miguu bapa. Kutoka kwetu Migwani kwenda Mwingi ni safari fupi, lakini mimi huifikiria wiki nzima, na nikishaifikiria vya kutosha huona haina haja. Nina kiti changu barazani. Nina kikombe changu ambacho hakuna mwingine hunywea kwa sababu kina ufa. Na nina mke anayepika muthokoi, yale mahindi yaliyotolewa maganda yakachemshwa na maharagwe, kwa namna ambayo sijaona sababu ya kumtafutia mpinzani.

Ajabu ni kwamba katika ukoo wetu mzima, mimi ndiye bingwa wa hoteli.

Ilianza binti yangu, anayefanya kazi katika duka la simu Kitui mjini, aliponirithisha simu yake ya zamani. Akanionyesha ramani, na kwenye ramani kila hoteli ina nyota, na chini ya nyota kuna maoni ya watu waliokula pale. Tangu siku hiyo, nikishamaliza chakula cha jioni, huegemea kiti nikasoma habari za hoteli ambazo sitaziingia maishani mwangu. Wenzangu husoma siasa wakalala na hasira. Mimi husoma kwamba kuna mtu aliletewa supu baridi mahali fulani, nalala kama mtoto.

Nimejifunza mengi. Kuna aliyeipa hoteli moja nyota mbili kwa sababu siku aliyokwenda mvua ilinyesha. Kuna aliyetoa nyota tano akaandika, "Sijawahi kuingia lakini huwa naiona nikipita, iko sawa." Na kuna aliyesema nyama ilikuwa ngumu, chai ilinuka moshi na choo kilikuwa mbali, lakini akatoa nyota nne kwa sababu mhudumu alifanana na marehemu shangazi yake. Huyo nilimwamini kuliko wote.

"Baba watoto," mke wangu huniambia akiondoa sahani, "unasoma chakula cha watu ukiwa umeshiba changu."

"Ndiyo wakati salama wa kukisoma," humjibu.

Basi nilikuwa bingwa wa aina hiyo, ya mtu anayejua mito yote na hajawahi kulowa, hadi kijana wetu wa kwanza alipopata mchumba upande wa Makueni, kule Kiboko kando ya barabara kuu. Ikabidi tupeleke ntheo. Hao ni mbuzi watatu, na kwetu Ukambani kama hawajapokelewa, msichana bado ni wa kwao hata kama ameshaanza kuchagua mapazia.

Hapo lazima niwaambie habari ya marehemu mjomba wetu. Nilipokwenda kumposa mke wangu, mjomba ndiye alikuwa msemaji wetu. Akawekewa kuku mzima mbele yake kwa heshima. Desturi ni uchukue kipande kimoja na kuipitisha sahani kwa wenzako. Mjomba hakupitisha. Alizungumza akila, akala akizungumza, na alipobaki na mifupa akauliza kwa upole kama yule kuku hakuwa na mwenzake. Hadi leo, kwao mke wangu, mtoto akilamba sufuria huitwa kwa jina la ukoo wetu.

Kwa hiyo wiki ile ya safari mke wangu alitukalisha chini, mimi na kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye angekuwa msemaji safari hii.

"Hakuna mtu wa ukoo wenu atafika kwa wakwe na njaa," akasema. "Tutakula njiani. Tukifika pale mtaonja kidogo, mtafuta midomo, mtakaa kama watu."

"Na wakijua tumekula njiani?" kaka akauliza.

"Hawatajua. Yule mama anasifiwa kwa upishi mpaka kanisani. Akijua tumemfikia tumeshiba, atasema tumeogopa sufuria yake. Hao mbuzi tutarudi nao, na kijana wangu atabaki kuoa simu."

Ukawa huo ndio mzigo wetu: tule, na tusionekane tumekula.

"Sasa nani atachagua hoteli?" kaka akauliza tena.

Wote wakanigeukia. Nikatazama nyuma yangu, kulikuwa na ukuta.

*

Tuliondoka Jumamosi asubuhi kwa pikapu ya kaka. Yeye kwenye usukani, mimi kando yake na simu, mke wangu na binti yetu kiti cha nyuma, mbuzi watatu huko nje wakipigwa upepo. Kijana mwenyewe alikuwa anatoka kazini Nairobi na angetukuta kule. Tulipita Kitui mjini, tukashika barabara ya Mutomo kwenda Kibwezi, na ugomvi ukaanza kabla hata mbuzi hawajatulia.

Kaka alikuwa utingo wa malori ya Mombasa ujana wake wote. "Hoteli haisomwi," akasema. "Hoteli unahesabu malori. Dereva wa lori amekula kila mahali kwenye barabara. Hawezi kuegesha mahali pabaya."

"Malori ni ushahidi wa mtu mmoja mmoja," nikamjibu. "Hapa nina watu mia wamesema."

"Hao watu mia unawajua?"

"Na wewe madereva unawajua?"

"Najua tumbo la dereva. Halina unafiki."

Mke wangu akasema mtu akitaja tumbo tena atashuka.

Nilikuwa nimechagua hoteli moja mbele ya Mutomo. Nilikuwa nimeisoma kwa wiki mbili. Nilihisi naijua kuliko wenyewe. Nyota zake zilikaribia tano. Mbuzi wa kukaanga, laini kama mkate. Tulifika ramani iliposema tumefika, tukashuka, tukajinyoosha, nikatangulia kama mwenyeji. Ndani kulikuwa na rafu za dawa ya kupe, mbegu za pojo na pampu za kunyunyizia. Kijana mwenye koti la kazi alituangalia kama daktari anayemtambua mgonjwa mlangoni.

"Mmekuja kula," akasema.

"Ndiyo."

"Hoteli ilihama zamani. Ni nyota zilibaki."

"Kwa nini usiwaambie waifute kwenye ramani?"

"Nilitaka. Halafu nikaona wanaokuja kula hawatoki mikono mitupu." Akachungulia nje. "Wale mbuzi wenu mmewapa dawa ya minyoo?"

Mke wangu akanunua dawa ya minyoo. Binti yangu, tukirudi kwa gari, alikuwa ameinamia simu akicheka bila sauti. Mtu alikuwa ametoa nyota tano mwezi huo huo. Aliandika: "Huduma ya haraka. Mbuzi wangu sasa anakula vizuri."

Kaka aliendesha hadi tukaingia barabara kuu. Alikuwa anapiga usukani kwa vidole kama mtu anayesindikiza wimbo wa ushindi. Na kweli, muda si muda tukayaona: malori, mstari mzima, yamejipanga mbele ya hoteli kama ng'ombe kwenye birika la maji.

"Hesabu," kaka akaniambia. "Wewe si umesoma hadi kidato cha nne? Hesabu."

Tukaegesha. Kadiri tulivyokaribia, ndivyo nilivyoona kwamba kila lori lilikuwa na mawe chini ya magurudumu. Moja halikuwa na gurudumu lenyewe. Lingine lilikuwa limefunguliwa mdomo wa mbele na injini haikuwemo. Hoteli ilikuwa imepakana na gereji, na hayo yote yalikuwa magonjwa yanayosubiri vipuri. Chini ya trela moja, dereva alikuwa amelala kwenye kadibodi, na kando yake jiko la makaa lenye sufuria.

"Mkubwa," kaka akamwuliza, "hapo ndani chakula ni kizuri?"

Dereva akafungua jicho moja. "Ingekuwa kizuri ningekuwa napika?"

Kaka alirudi kwa gari taratibu sana. Nilipiga tu dashibodi kwa vidole, wimbo ule ule.

Saa ilikuwa inakwenda na njaa ilikuwa imeanza kutufanya tupendane kidogo. Tukasimama kwenye hoteli moja safi yenye maua kwenye mikebe, bila nyota, bila malori, kwa macho tu. Mke wangu akatangulia. Akatoka kinyumenyume.

"Ndani kuna kina mama wa kanisa wamevaa kitenge kimoja," akasema. "Mmoja anaongea na simu. Anasema wanakunywa chai kidogo halafu waende kusaidia kupokea wageni wa Kitui."

Wageni wa Kitui wakarukia pikapu kama wezi wa kuku.

Tulikuwa tumebakiza mwendo mfupi kufika. Mke wangu alikuwa amefumba macho, nadhani alikuwa anaona sahani ya mjomba. Ndipo binti yangu akasema, "Baba, tumekuwa tukitafuta vibaya. Hatutaki hoteli nzuri. Nzuri ndiyo ina watu. Tunataka mahali ambapo mtu wa huko hawezi kukanyaga." Akachukua simu mkononi mwangu, akavutavuta, akanirudishia. "Hii hapa. Nyota moja."

Nikasoma kwa sauti. "Chakula kibaya. Nzi wengi. Msiende." La pili lilisema: "Nilikuta unywele kwenye ugali." La tatu: "Nilingoja hadi nikasahau nilichoagiza."

"Mwanangu," nikasema, "hapa tutaumwa."

"Si wewe husema nyota hazidanganyi?"

"Ndiyo maana."

"Afadhali tuumwe kesho nyumbani," mke wangu akasema, bado amefumba macho, "kuliko kuaibika leo. Twende."

*

Haikuwa na kibao. Ilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga unga, unapita kwenye vumbi jeupe unatokea upande wa pili kama mtu aliyefufuka. Kaka akaficha pikapu nyuma ya mashine na kubaki akilinda mbuzi, atakula zamu yake. Mlangoni kulikuwa na tuktuk iliyojazwa viti vya plastiki vya buluu hadi paani. Nilifikiri hoteli inahama, na nikaona ina haki.

Tulipoingia, ilikuwa imejaa.

Nasema imejaa. Hakuna meza iliyokuwa wazi. Na kila mtu alikuwa ameketi kuelekea ukuta, mgongo kwa mlango, anakula kwa bidii na kimya kama mtihani. Hakuna aliyegeuka. Hakuna aliyesalimu, na sisi huku hatujui kupita mtu bila salamu. Harufu iliyokuwa mle, mke wangu asinisikie, ilikuwa ya vitunguu vilivyokaangwa na mtu asiye na haraka.

Mwenye hoteli, mama mnene mwenye kitambaa kichwani, akawaonyesha mke na binti yangu chumba cha ndani. "Kina mama huku," akasema. "Wao pia wana watu wa kuwakwepa." Mimi akanielekeza kwenye kiti cha mwisho, kando ya mzee mmoja mwembamba aliyeweka kofia kwenye goti.

"Hapa pana mtu?" nikamwuliza.

"Pana kiti."

Nikaketi, nikatazama ukuta kama wengine.

"Usiagize nyama," mzee akasema bila kugeuka. "Agiza ndengu na chapati. Nyama ni nzuri pia, lakini ndengu utaziota."

Ndengu zikaja, yaani pojo za kuunga. Sitazieleza, mke wangu husoma ninachoandika. Niseme tu kwamba nilitafuta nzi kwa macho, ukutani, mezani, kwenye mwanga wa dirisha, na sikumwona hata mmoja.

"Mzee mwenzangu," nikamnong'oneza, "kwenye simu hapa pana nyota moja. Wanasema kuna nzi."

"Hiyo ya nzi ni yangu," akasema.

"Vipi, yako?"

"Niliiandika mimi. Ya unywele ni ya yule pale wa kona, ni mzee wa kanisa, leo amefunga. Ya kungoja sijui ni ya nani, ni ndefu sana, nadhani mwalimu."

Mwenye hoteli alikuwa amekuja na mchuzi wa kuongeza, akasikia. "Nilikuwa na nyota karibu tano," akaniambia, akinimiminia. "Wakaanza kuja watu wa kupiga picha. Wanaagiza chai moja, wanapiga picha chapati, wanapiga picha dari. Halafu huyu hapa akaonekana."

"Nilionekana nyuma ya chapati," mzee akakubali. "Mke wangu aliletewa picha. Nilikuwa nimemwambia nimekwenda kuangalia mbuzi. Basi tukakaa kikao, sisi wateja, tukazishusha, na mke wangu alipozisoma akaamini siwezi kurudi."

"Mwanzoni nililia," mama akasema. "Siku hizi nikiona mtu ameweka nyota tano, nawaambia, wanaiangusha jioni hiyo hiyo." Akaenda kwa meza nyingine.

Nilikaa na habari hiyo mdomoni pamoja na chapati. Miaka yote ile kitini mwangu nikisoma, nikilala vizuri kwa sababu mtu alipewa supu baridi. Nani alijua hiyo supu ilikuwa ya moto kiasi gani?

"Wewe unatoka wapi?" mzee akauliza.

Nikakumbuka mzigo wetu. "Mimi ni mtu wa mbuzi," nikasema. "Napeleka sokoni."

"Leo si siku ya soko."

"Nawahi."

Akanikubalia. Mtu anayekula akitazama ukuta hawezi kuuliza maswali mengi. "Mimi nimetumwa viti," akasema, akionyesha mlango kwa kidevu. "Vya kanisa. Nyumbani tuna wageni leo. Wanaleta mbuzi kwa ajili ya binti yangu. Mke wangu anapika tangu jana, na ameapa mtu akigusa sufuria kabla ya wageni atamkata mkono. Tangu asubuhi nimepewa chai tupu."

Nikarudisha chapati kwenye sahani.

"Wageni wa wapi?" nikauliza. Nilijua. Niliuliza tu kama mtu anayebonyeza jipu.

"Wa Kitui. Huko Migwani." Akapangusa sahani kwa kipande cha mwisho. "Sijawaona. Nasikia baba mtu ni mtu wa ajabu. Hatoki kwake. Ati hushinda akisoma maneno ya watu juu ya hoteli, na hajui hata mlango wa hoteli uko upande gani. Na kuna mjomba wao alimaliza kuku peke yake, akaitisha wa pili. Hiyo hadithi imefika hadi kwa mke wangu."

Nilikuwa nimesoma maoni mengi maishani. Hayo yalikuwa ya kwanza kunihusu.

"Na wewe unawaonaje?" nikamwuliza. "Ungewapa nyota ngapi?"

Akafikiri kwa haki kabisa. "Bado sijawaonja," akasema.

Wakati huo huo mke wangu akatokea chumba cha ndani akifuta midomo. Ni mtu mwangalifu, mke wangu. Tangu asubuhi hakuwa amekosea kitu. "Baba watoto, amka," akaniambia kwa sauti ya mtu aliyeshiba. "Tutachelewa kwa wakwe, na mbuzi wanalia."

Nao mbuzi, kana kwamba wametajwa kanisani, wakalia.

Mzee akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote kugeuka mle ndani. Alitazama tai yangu. Akatazama viatu vyangu, ambavyo vilikuwa vimepakwa rangi kwa ajili ya watu wake. Akasikiliza mbuzi mpaka wakanyamaza.

"Mbuzi wa soko," akasema.

"Wa soko," nikasema.

Mke wangu akatuangalia wote wawili. Akaziba mdomo kwa leso.

Mzee alichukua kofia yake gotini, akaivaa polepole. Nilidhani ataondoka bila neno, na nikaona mbuzi watatu wakirudi Migwani, na kijana wangu ameketi barazani kwangu akioa simu. Lakini aliinama sikioni mwangu. "Mimi natangulia na viti," akasema. "Ninyi kaeni kidogo. Halafu mpite pale kwenye bomba mnawe mikono na mdomo. Vitunguu vya hapa vinanukia hadi kesho." Akafika mlangoni, akarudi hatua moja. "Na huyo anayelinda mbuzi aletewe ndengu. Asije akafika kwangu na njaa."

*

Tulipokelewa kwa nyimbo. Kina mama wa kitenge kimoja walikuwa pale, kijana wetu alikuwa pale na wenzake, na viti vya plastiki vya buluu vilikuwa vimepangwa uani. Mwenye mji alinijia na mikono miwili.

"Karibuni sana," akasema. "Leo ndiyo tunaonana."

"Leo ndiyo tunaonana," nikamjibu, na vitunguu vyake na vyangu vikasalimiana.

Mkewe alikuwa mwanamke wa kifua kipana, mwiko mkononi kama fimbo ya chifu. Mbuzi walifungwa kwenye mti, wakatazamwa meno na masikio. Kaka akajisifu kwamba wamepewa dawa ya minyoo leo leo. Lakini desturi pale ilikuwa chakula kwanza, mbuzi baadaye, na mbuzi hawaingii zizini hadi mama mwenye nyumba aridhike.

Akatoka jikoni na kuku mzima. Akamweka mbele ya kaka, msemaji wetu.

Niliona kina mama wa kitenge wakisogeza viti mbele kidogo. Hadithi ya mjomba ilikuwa imefika kwa kila mtu, na walikuwa wamekuja kutazama sehemu ya pili. Kaka, ambaye ndengu zilikuwa zimemfika kwenye kola, alitoa ncha ya bawa, kitu cha kulishia kifaranga, akapitisha sahani. Mimi nikachukua ngozi. Mke wangu akachukua harufu. Sahani ikarudi kwa mwenyewe kama ilivyotoka.

Mke wangu alikuwa anatabasamu. Ndiyo siku aliyoingoja tangu aolewe.

Lakini mama wa msichana hakuwa anatabasamu. "Ni nini?" akasema. "Kuku hajaiva?"

"Ameiva sana, mama," kaka akasema.

"Mimi nilisikia ninyi ni watu wa kula. Nilichinja na mwenzake. Yuko jikoni, anangoja kuulizwa." Mwiko ukashuka ubavuni. "Au kuna mahali mmekula?"

Binti yangu akatazama simu iliyozimwa. Nilimwona kijana wangu, upande wa pili wa ua, akinitazama kama mtu anayetazama gari la mwisho likiondoka, na msichana kando yake amemshika mkono wa shati. Nilifungua mdomo kusema sijui nini, kisha nikakumbuka vitunguu, nikaufunga.

"Wale wapi, mama watoto?" mwenye mji akasema kutoka kitini, mikono juu ya tumbo lake jembamba lililoshiba. "Barabara hii yote kuna hoteli gani? Si ulitazama mwenyewe kwenye simu ile siku?"

"Iko ile ya nyuma ya mashine," akasema.

"Ile ya nzi?"

Mama akakunja uso. "Ile ya nzi na nywele," akakubali. "Hapana. Hata kama ni wa Kitui, huko hawawezi."

Kule nyuma, mtu mmoja akakohoa. Alikuwa mzee wa kanisa, yule wa kona.

"Hawa wanaona aibu," mwenye mji akaendelea. "Wamejua habari ya mjomba wao imefika. Halafu huyu baba, si mmesikia sifa zake? Mtu wa nyumbani. Hashibi mpaka aone ukuta wa kwake. Mfungie. Mfungie kuku wako wote wawili, wawabebe wakale Migwani, ndipo watajua wameoa wapi."

Mama akanitazama kwa muda. Nikajitahidi kuonekana kama mtu anayetamani kiti chake, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu. Bega lake likaanza kutikisika, kisha kifua, kisha akacheka hadi mwiko ukamwanguka.

"Kwa hiyo ni kweli," akasema. "Hata mbele ya kuku anawaza kwake."

Akaenda kufunga. Akiwa jikoni alipiga kelele kwamba mbuzi wamekaa juani sana, kwani hakuna wanaume hapo? Wakafunguliwa kamba, wakaingizwa zizini, wote watatu. Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya kiti, kwa furaha, kwa nguvu zote.

*

Kesho yake nilikaa barazani na mguu wa yule kuku wa pili, aliyekuwa mtamu hata alipopoa, nikachukua simu. Mimi ambaye nilikuwa nimesoma maoni ya watu miaka yote sikuwa nimeandika hata moja. Niliandika hivi:

"Nyota moja. Hakuna kibao, unapita kwenye vumbi. Hakuna aliyetusalimia. Tulikaa tukitazama ukuta. Msiende."

Mke wangu akasoma juu ya bega langu. "Hakuna uongo hata mmoja hapo," akasema, akashangaa mwenyewe.

Siku chache baadaye simu ikalia kidogo. Nilimpigia binti yangu nikamsomea, kwa kuwa sikujua ni nini. Alisema ni taarifa tu kutoka kwenye ramani. Kuna mtu mmoja, huko upande wa Kiboko, ameonyesha kwamba maoni yangu yamemsaidia.